Kumsimamisha tena mzee aliyevunjika mfupa, katika nyumba ya Lamu yenye ngazi na choo cha kuchuchumaa

Mamangu aliteleza alfajiri, birika mkononi, akienda kutawadha. Hakuanguka kutoka darini wala ngazini. Aliketi chini kwa kishindo kama mtu aliyekosa kiti, na nyonga ya kushoto ikavunjika.

Mfupa mzima hauvunjiki kwa anguko la namna hiyo. Ukiona umevunjika, jua ulikwishaliwa ndani zamani. Madaktari huita osteoporosisi. Ukitaka kujua ni kitu gani, simama mbele ya ukuta wowote wa Mkomani, mtaa wetu wa kale, uliobambuka chokaa, utazame jiwe la tumbawe: vitundu vidogo vidogo vimesongamana, na jiwe hilohilo limebeba ghorofa mbili. Mfupa nao ndani uko hivyo. Sasa vitundu vile vikipanuka mwaka baada ya mwaka, kuta za katikati zikabaki nyembamba kama ganda la yai, nje hutaona kitu. Wanawake hupatwa zaidi baada ya kukoma hedhi, kwa kuwa homoni iliyokuwa ikilinda mfupa imepungua. Wanaume wazee hawakusalimika, wala waliomeza dawa ya predinisoloni muda mrefu kwa ajili ya pumu au baridi yabisi.

Mwongozo huu ni wa yale yanayokuja baada ya hospitali. Nitakaa sana kwenye nyonga, kwa sababu ndiyo niliyoiuguza na ndiyo inayowalaza wazee wengi wasiamke tena. Kifundo cha mkono na mgongo nitavigusa mbele.

1. Usitoke hospitali bila majibu haya

Nyonga karibu zote hutaka operesheni, na madaktari hupenda ifanywe ndani ya saa 48. Mzee akilazwa nyumbani akingoja mfupa "ushike wenyewe", kifua, vidonda na damu kuganda humfikia kabla mfupa haujashika. Muunga mifupa wa mtaani ana heshima yake, lakini hapa si mahali pake. Na kukandwa kwa mafuta ya uto juu ya mfupa uliovunjika ni kumtesa mtu bure.

Sisi tulifanyiwa huko bara. Siku ya kuruhusiwa tulipewa karatasi, na chini kabisa pameandikwa neno moja: fizio, yaani mazoezi ya tiba. Fizio gani, lini, mara ngapi, hakuna aliyesema, nami kwa haya sikuuliza. Wewe uliza, na majibu uyaandike:

Je, mfupa umeungwa kwa chuma na skurubu, au kichwa cha mfupa kimetolewa kikawekwa cha bandia? Mguu aukanyagie kwa uzito gani: wote, nusu, au auguse tu chini? Kuna mikao iliyokatazwa, na hadi lini? Sindano za kuzuia damu kuganda anadungwa siku ngapi, na nyumbani atamdunga nani? Nyuzi zinatolewa lini? Dawa ya mifupa yenyewe ataanza lini?

Swali la mwisho ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Wanashughulikia mfupa uliovunjika, mtu anarudi nyumbani na ile mingine yote iliyo dhaifu vilevile. Aliyevunjika mara moja, hatari yake ya kuvunjika tena huwa karibu maradufu.

2. Tengeneza nyumba kabla hajafika

Safari ya kurudi usiipange kwa pupa. Ukishuka Mokowe, gati ya upande wa bara, angalia maji: maji yakiwa yametoka, kutoka gatini kuingia chomboni ni kushuka vipandio vilivyoota mwani wa kijani. Tulingoja saa mbili chini ya kibanda maji yajae, na mama akaingia boti karibu sawa na ukingo. Gati ya upande wa pili tulimbeba kwa kiti, watu wanne. Punda tulimkataa. Mtu mwenye nyonga mpya hapanui mapaja juu ya tandiko.

Nyumbani, chagua chumba cha chini, hata kama ni sebule na wageni watalalamika. Kitanda cha kamba kinabonyea katikati, na mtu akikaa magoti yanampanda juu ya nyonga. Tia ubao chini ya godoro na uinue miguu ya kitanda kwa matofali ya mbao. Kipimo chake ni rahisi: akikaa ukingoni, nyayo zote mbili zinagusa sakafu na magoti yako chini kidogo ya nyonga. Kipimo hichohicho kitumie kwa kila kiti atakachokalia. Kiti kiwe na mikono ya kujisukumia.

Choo ndicho kazi kubwa. Kuchuchumaa akusahau kwa miezi, na huenda kwa maisha yake yote. Watu hununua kiti cha plastiki wakakitoboa katikati, lakini kiti hicho kikiloa huteleza na miguu hufunguka. Tulimwendea seremala wa mtaa wa Langoni, akatupigia kiti cha mbao kizito, tundu katikati, mikono pande mbili, kimo sentimita 50 kwa sababu mama ni mrefu. Chini ya miguu yake tulikaza mipira ya ndara kuukuu. Ukutani tukafunga kipande cha bomba la chuma cha kushikia. Usimwachie taulo au mlango awe ndiyo mshikio.

Halafu pita nyumba nzima ukiangalia miguuni. Mikeka na mazulia madogo yaondoe. Waya wa feni upitishe ukutani. Kizingiti kipake rangi nyeupe. Taa iwe karibu na mkono wake usiku, na siku za umeme kukatika awe na tochi chini ya mto wa kulalia. Ndara za kidole zifiche. Anataka kiatu kilichofungwa nyuma. Na buibui lipunguzwe urefu. Nimeliweka la mwisho, nami nitalirudia.

3. Siku za mwanzo: kitanda ndicho adui

Hapa ndipo nilipokosea. Jirani, mashangazi, wakwe, wote waliingia na neno moja: "Mama, tulia, usinyanyuke, sisi tupo." Alilishwa kwa kijiko. Aliletewa beseni. Nikaona tunampa heshima yake. Siku ya tano akashindwa kukaa bila kuegemezwa, naye alikuwa amesimama hospitalini siku ya pili baada ya operesheni! Misuli ya mzee huyeyuka upesi kitandani, na kuirudisha ni kazi ya wiki nyingi. Ikiwa daktari ameruhusu akanyage, basi tangu siku ya kwanza nyumbani mlo wake wote aule kitini, na chooni aende kwa miguu yake.

Maumivu yasimzuie. Parasetamoli, gramu 1 mara tatu kwa siku, inawatosha wengi. Mzee mwembamba apimiwe chini ya hapo. Mpe nusu saa kabla ya mazoezi. Vidonge vya diklofenaki vinavyouzwa ovyo dukani usimpe bila kumuuliza daktari, vinaumiza figo na tumbo na kupandisha presha. Akipewa tramadoli au kodeini, dawa kali za maumivu, atafunga choo, kwa hivyo maji, papai na uji visikosekane.

Kama kichwa cha mfupa ni cha bandia, mara nyingi hukatazwa mambo matatu kwa wiki 6 hadi 12: kuinama hadi nyonga ikunjike kupita pembe mraba, kupishanisha miguu, na kuugeuza mguu ndani. Kuokota kitu chini, kuvaa kiatu mwenyewe na kukaa jamvini vyote vimo humo. Usiku mtie mto katikati ya mapaja.

Swala aswali kitini. Mama alilia siku ya kwanza, akaona kama amekatwa na msala wake. Baba mdogo akamwambia dini haikumtaka avunjike mara mbili, akanyamaza. Ndoo ya udhu iwekwe juu ya stuli, kimo cha kiuno.

Mrudishe hospitali siku hiyohiyo ukiona moja ya haya: tumbo la mguu limevimba, lina moto na linauma, pumzi zinakata ghafla au kifua kinachoma, kidonda kinatoa usaha au ana homa, mguu umeonekana mfupi au umegeuka baada ya maumivu ya ghafla, au amechanganyikiwa akili na jana alikuwa mzima. Huo mguu uliovimba mtu asiukande. Ikiwa ni damu iliyoganda, kuikanda ni kuisukuma mapafuni. Kwa aliye kisiwani, King Fahd ndiyo hospitali ya kaunti iliyo karibu. Usingoje boti ya asubuhi.

4. Mazoezi, mara tano kwa siku

Tulijaribu ratiba ya saa, ikatushinda. Tukaifunga na sala: kila akitoa salamu, kabla hajaondoka kitini, zamu ya mazoezi. Hakuna aliyesahau tena, hata wajukuu walikuwa wakimkumbusha.

Wiki mbili za kwanza, akiwa kitandani au kitini: apige nyayo juu na chini mara 20, damu ipite. Anyooshe mguu, abane paja kwa kulisukuma goti chini kwenye godoro, ahesabu hadi 5, aachie, mara 10. Abane makalio vivyo hivyo. Aburute kisigino taratibu kukikaribisha mwilini na kukirudisha, bila kupita mpaka aliowekewa.

Kuanzia wiki ya pili au ya tatu, nyuzi zikishatoka na hatua zikiwa zimetulia, asimame ameshika kaunta ya jiko au mgongo wa kiti kizito kilichoegemea ukuta. Ainue mguu pembeni bila kuinamisha kiwiliwili, mara 10. Ainuke kwa vidole na kushuka polepole, mara 10. Kisha lile zoezi ambalo lingebaki peke yake kama ningelazimika kuchagua moja: kukaa na kusimama. Aanze kwa kujisukuma kwa mikono, mara 5. Baadaye mkono mmoja. Baadaye mikono kifuani. Kushuka ndiko kwenye faida, asijitupe.

Mpime kwa saa ya simu. Kusimama na kukaa mara 5, mikono kifuani, ikichukua zaidi ya sekunde 15, miguu bado dhaifu. Kipimo cha pili: ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae. Akifika sekunde 12 au zaidi bado yumo katika hatari ya kuanguka. Mama alianza na sekunde 41. Tuliziandika kwa mkaa nyuma ya mlango, na mpaka leo ziko.

Maumivu madogo wakati wa zoezi ni ya kawaida. Yakikaa zaidi ya saa mbili, au mguu ukivimba zaidi kesho yake, punguza idadi, usiache kabisa.

5. Kutembea, kisha ngazi

Mwanzoni ni fremu ya miguu minne. Fremu mbele, mguu mbovu, kisha mzima. Watu husukuma fremu mbali halafu wakaifuata wameinama; ikae karibu, macho mbele. Wengi huhamia kwenye bakora kati ya wiki ya 4 na ya 8, na hapa karibu kila familia hukosea: bakora hushikwa mkono wa upande mzima. Nyonga ya kushoto, bakora mkono wa kulia. Mkono ukining'inia, kichwa cha bakora kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Bakora ya marehemu babu ilikuwa nzuri, ina fedha kichwani, lakini ilimzidi mama shubiri nzima. Tukamtafutia nyingine, na chini tukaitia mpira.

Ngazi za nyumba zetu zajulikana: ndefu, nyembamba, kipandio hiki si sawa na kile. Kupanda, mguu mzima hutangulia, wa pili na bakora hufuata. Kushuka, bakora na mguu mbovu hutangulia. Kipandio kimoja miguu miwili, kwa muda mrefu. Wewe ukae chini yake kila mara: akipanda uko nyuma, akishuka uko mbele, mkono kiunoni pake wala si kwapani. Kama hakuna mshikio, funga kamba nene ya jahazi kutoka juu hadi chini kwa ndoana zilizozama vizuri ukutani. Mama alikuwa akisema "Sipandi yuu mimi" hadi mwezi wa tatu. Siku aliyosikia kuku wake wa darini wameanza kutaga, alipanda.

6. Ikiwa ni mkono, au mgongo

Kifundo cha mkono huvunjika mtu akijikinga wakati wa kuanguka. Vua pete na bangili dakika hiyohiyo, vidole vitavimba na dhahabu itakatwa kwa msumeno. Plasta hukaa kama wiki 5 au 6, na kosa la watu ni kuuning'iniza mkono kwenye kanga wakati wote huo. Vidole vifungwe ngumi na kufunguliwa kila saa. Kiwiko kikunjwe, bega linyanyuliwe hadi juu ya kichwa, la sivyo plasta ikitoka utakuwa na bega lililoganda badala ya mkono uliovunjika. Baada ya plasta: kukunja kifundo juu na chini, kugeuza kiganja kama mtu anayepokea kisha anayemwaga, halafu kukanda unga laini wa chapati, kidogo kidogo. Mkono ukiwa mwekundu, unang'aa, unaungua kwa maumivu usiku, rudi kwa daktari mapema.

Mgongo huvunjika kimyakimya. Pingili hujibana yenyewe, mara nyingine kwa kuinua ndoo au kupiga chafya tu. Hapa ndipo pa buibui: lile lililokuwa likimfika kifundoni sasa linaburura chini, na hakuna aliyelirefusha. Aliyepungua kimo kwa sentimita 4 apigwe eksirei ya mgongo. Maumivu makali hukaa wiki 6 hadi 12. Apumzike siku chache tu, kisha atembee kidogo mara nyingi. Kuamka ajigeuze ubavu kwa mwili mzima kama gogo, ashushe miguu, ajisukume kwa mkono. Asiiname na kujisokota kwa pamoja. Kufagia kwa ufagio mfupi, kukuna nazi juu ya mbuzi, kuteka maji kisimani: hizo apewe mtu mwingine. Zoezi lake ni kusimama ameegemea ukuta, visigino karibu na ukuta, akirudisha mabega nyuma na kidevu ndani, ahesabu 10. Miguu ikifa ganzi au mkojo ukimtoka bila kujua, ni hospitali mbio.

7. Chakula, jua na kidonge cha wiki

Mfupa haujengwi kwa chai na mkate. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Kikombe cha maziwa kina karibu 300. Maziwa lala, dagaa zinazoliwa na miba yake, na simsim, ambayo kaunti yetu inalima, vyote visaidie. Mchicha una kalsiamu lakini hauitoi kwa urahisi. Misuli nayo inataka protini: gramu 1 au zaidi kidogo kwa kila kilo ya mwili. Mzee wa kilo 50 atafute gramu 50 hadi 60, na yai moja lina 6 tu, kwa hivyo kipande cha samaki kisiwe cha watoto peke yao.

Jua tunalo hadi la kuuza, lakini mwanamke wa mji huu anaishi ndani ya kuta nene na akitoka amejifunika. Kiwanda cha nyumba, yaani ua wa ndani, na dari ya juu vilijengwa kwa faragha: mikono na miguu wazi, robo saa au dakika 20, siku nyingi za wiki. Ngozi ya mzee hutengeneza vitamini D kidogo, kwa hivyo wengi huongezewa vidonge, kawaida yuniti 800 kwa siku.

Dawa ya mifupa inayoandikwa sana ni alendroneti, miligramu 70, mara moja kwa wiki. Ina masharti yake: asubuhi tumbo tupu, bilauri nzima ya maji matupu, si chai wala maziwa, kisha nusu saa asilale na asile. Akilala, kidonge huchoma koo la chakula. Mwenye shida ya kumeza au figo dhaifu amwambie daktari. Ipo ya sindano inayopitishwa mshipani mara moja kwa mwaka. Ramadhani ikikaribia, muulize daktari mapema saa ya kuinywa, usiikatize.

8. Kutoka nje

Mwezi wa pili mtoe hadi barazani pa mlango. Mwezi wa tatu hadi kona. Usita wa Mui, njia kuu ya mji, asubuhi una mikokoteni, watoto wa chuo cha Kurani, na punda wenye mchanga mgongoni ambao hawampishi mtu. Toka baada ya alasiri, wewe ukae upande wa katikati ya njia na yeye upande wa ukuta. Mkisikia "Simile!", msimkimbize. Aingie kwenye daka la karibu, ageuze mgongo ukutani, bakora mbele yake, angoje punda apite.

Siku tuliyofika msikitini na kurudi, nilimshika kiwiko njia nzima. Kwenye mteremko wa nyumbani akanikung'uta mkono. "Niwate," akasema, "nami si mtoto." Nikamwacha, nikamfuata nyuma hatua mbili, saa ya simu inahesabu mfukoni.